Mgonjwa Asiye na Mtu

Somo: Yohana 5:1-15



Kabla hamjaendelea na ukurasa huu, tunawaomba mfungue Biblia zenu mkasome habari ya yule mgonjwa wa kando ya birika la Yerusalemu. Sisi walimu, hata baada ya kustaafu, hatuachi tabia ya kutoa kazi kabla ya somo. Mkiisha kusoma, rudini hapa.

Mtu yule aliugua miaka 38. Angalieni kwamba hakuwa porini wala pangoni. Alilala katika matao, katikati ya umati wa wagonjwa wenzake, mahali wanapopita watu wa sikukuu. Hata hivyo Bwana alipomwuliza kama anataka kupona, hakujibu ndiyo wala siyo. Alieleza tu kwamba hana mtu. Maji yakitibuliwa hakuna wa kumshika mkono, na mwingine humtangulia. Miaka mingi tulifundisha habari hii madarasani, na kila mara palikuwa na mtoto mmoja mwepesi wa akili aliyeuliza: Mwalimu, mbona hakujibu swali? Nasi tulizoea kusema kwamba mtu yule alikuwa mlalamikaji, ameuzoea ugonjwa wake. Leo hatusemi hivyo tena. Twaona ya kuwa alijibu sawasawa. Aliulizwa kama anataka, naye akaonyesha mahali ambapo kutaka kwake kulikuwa kumekwama kila siku.

Tunataka kusema habari za ndugu zetu walionaswa na pombe. Hatuandiki juu ya ule ubishi wa siku zote, kama Mkristo anaruhusiwa kunywa au haruhusiwi. Hayo yamehubiriwa hapa Bahi tangu babu zetu walipobatizwa, na kila mmoja anajua alivyofundishwa. Tunaandika juu ya yule ambaye amekwisha kuupita ubishi huo. Anajua kwamba pombe inamwua. Ameahidi kuacha mbele ya mkewe, mbele ya wazee, mbele ya madhabahu, na ameahidi kwa machozi ya kweli. Siku ya tatu anaonekana kilabuni. Nasi tulio nje twasema: ni mwongo yule.

Huku kwetu mavuno ya mpunga yakitoka mbugani fedha huingia mikononi, na vilabu hujaa. Fedha zikiisha, mtu hunywa kwa mkopo mpaka mavuno mengine. Wazee wetu walipika pombe ya uwele na ya mtama kwa ajili ya kazi ya shamba na kwa sherehe, nayo iliisha pamoja na kazi yenyewe. Siku hizi pombe haingojei kazi. Serikali imejaribu. Sheria ya kudhibiti utengenezaji wa moshi, yaani gongo, ilitungwa mwaka 1966, na pombe kali ya viroba ilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Twashukuru kwa hayo, hasa kwa viroba, maana tulikuwa tukivikuta mifukoni mwa wanafunzi. Lakini sheria huondoa kiroba tu, haimpi mtu mahali pa kukaa saa kumi jioni. Tutairudia saa hiyo.

Sasa hatuna budi kusema kosa letu wenyewe.

Mwaka 2016 jirani mmoja alitujia usiku. Alikaa kimya muda mrefu, chai ikapoa mbele yake, kisha akasema, "Mwalimu, nimeshindwa. Nisaidie, lakini iwe kati yetu." Tulimwombea, tukamwahidi. Alipoondoka tulifurahi sana, na furaha ile ndiyo iliyotuponza. Jumatano ile, katika kikundi cha maombi, tulisimama tukasema kwamba yuko ndugu anayepigana na pombe, tumkumbuke. Mama mmoja akauliza ni nani, ili amwombee kwa jina. Tukamtaja. Hatukuona ubaya wowote. Tulikuwa mbele za Mungu, macho tumefumba! Ijumaa asubuhi watu waliokuwa wakingoja zamu kwenye mashine ya kusaga walikuwa wanalo jina lake, na habari yenyewe imekwisha kuongezwa chumvi. Jumapili hakuja kanisani. Hajaja mpaka leo. Tukikutana njiani husema, "Mbukwa, Mwalimu," wala hashuki katika baiskeli.

Tulimsengenya tukiwa tumepiga magoti. Tunaliandika jambo hili kwa sababu watu wanapouliza kwa nini huku vijijini hakuna vikundi vya kuwasaidia wanaotaka kuacha ulevi, hujibiwa kwamba hakuna fedha, au hakuna mtaalamu. Kikundi cha namna hii chaweza kuanza bila fedha. Kinachotakiwa ni mahali ambapo neno likisemwa linabaki hapo. Je, parishi yetu inapo mahali kama hapo? Sisi tulipewa nafasi ya kuwa mahali hapo usiku ule, nasi hatukudumu hata siku tatu.

Mwaka jana mtu mwingine alitujia. Zamani tulimfundisha hesabu. Zaidi ya hapo hatutasema kazi yake wala kijiji chake, na msomaji asijisumbue kubahatisha, maana baadhi ya mambo tumeyageuza makusudi, na mwenyewe ameyasoma maneno haya na kuyakubali kabla hayajapelekwa kwa mhariri. Alitusalimu kwa adabu, akakaa, akasema, "Mwalimu, safari hii sikuja kuombewa. Nimeombewa mara nyingi, nanyi mnajua. Nataka kuacha. Niambie niende wapi."

Tulitafuta jibu tusilipate. Fikirini: miaka karibu 40 ya kusimama mbele ya ubao, na tunashindwa na swali la neno moja, wapi.

Tulianza na kituo cha afya, na huko tukafundishwa jambo ambalo kila mzee wa kanisa angelipaswa kulijua. Tabibu alimwuliza: unakunywa kila siku? Kwa miaka mingapi? Asubuhi ukiamka mikono hutetemeka mpaka upate kidogo? Aliposikia majibu alisema mtu wa namna hiyo asiache ghafla peke yake nyumbani. Mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla huanza kutetemeka na kutoka jasho baada ya saa chache. Katika siku mbili za kwanza aweza kuanguka kama mwenye kifafa. Tangu siku ya pili hata ya nne aweza kuchanganyikiwa, akaona wadudu na watu wasiokuwapo, homa ikapanda, moyo ukaenda mbio. Na wako wanaokufa. Zipo dawa za kumvusha siku hizo, pamoja na vitamini ambayo mwili wa mnywaji huwa umeishiwa, lakini hutolewa na watabibu wanaomwangalia usiku na mchana.

Tuliposikia hayo tulinyamaza. Tulikumbuka mikutano ya injili ambamo tuliwahimiza watu wavunje kibuyu usiku uleule. Kesho yake mtu akitetemeka na kupiga kelele kwamba anaona nyoka, tulisema ni pepo, tukamfungia ndani na kumwombea. Wengine walipona. Habari za wengine hatupendi kuzikumbuka. Maombi na yaendelee, wala hatusemi vinginevyo. Lakini yaendelee kando ya kitanda cha hospitali.

Basi alipelekwa Dodoma, katika hospitali ya Mirembe. Jina hilo watu wamelifanyia mzaha nchi nzima. Mtu akikosea hata kidogo huambiwa apelekwe Mirembe. Kwa ajili ya mzaha huo mke wake alilia kutwa, akisema watoto watachekwa shuleni. Lakini Mirembe ni hospitali. Hutibu magonjwa ya akili, na walionaswa na pombe na madawa ya kulevya hutibiwa huko pia, kama vile mwenye mguu uliovunjika anavyotibiwa kwingine. Alirudi baada ya siku kadhaa, macho meupe, mikono imetulia, akala ugali kwa mlenda kama kijana aliyetoka jandoni. Tulimshukuru Mungu.

Kisha ikafika saa kumi jioni.

Hiyo ndiyo saa aliyozoea kwenda kilabuni kwa muda wa miaka mingi. Kule mabenchi yamezunguka, kila mtu anamjua kwa jina, akichelewa wanaulizana yuko wapi, akifiwa wanamchangia. Na tuseme kweli, ijapokuwa ni kweli ya kutuaibisha: kilabu humtafuta mtu wake aliyekosekana upesi kuliko sisi tunavyomtafuta Mkristo aliyekosekana ibadani. Anayeacha pombe hupoteza rafiki zake wote siku hiyohiyo. Sisi tunamwambia: karibu Jumapili. Jumatatu je? Na Jumanne? Alikaa juu ya kigoda mlangoni kwake akiangalia njia, mkewe amesimama jikoni akimwangalia yeye, na sisi tukipita tuliona ya kwamba wote wawili wanachoka.

Hapo ndipo tulipoelewa kwamba safari ya kwenda hospitali, pamoja na ugumu wake wote, ilikuwa fupi. Mgonjwa wetu alihitaji watu wa saa kumi.

Tulikuwa tumesikia habari za chama kiitwacho Alcoholics Anonymous, maana yake walevi wasiotajwa majina. Mikutano yake iko Nairobi, na hapa nchini imekuwako katika miji kama Dar es Salaam na Arusha. Hapa Bahi hapakuwa na kitu cha namna hiyo. Mjukuu wetu alitafuta katika simu yake mpaka akapata namba katika mji mmoja wa mbali, nasi tukapiga. Aliyepokea alitutajia jina moja tu, basi. Tulimweleza mpango wetu wote: mwenyekiti, katibu, mhasibu, katiba, siku ya ufunguzi, na kasisi wa kukata utepe. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Mzee wangu, wewe mwenyewe ulikuwa mnywaji?" Tukasema la hasha. Akasema, "Basi huwezi kukianzisha. Unaweza kutoa chumba. Mtafutie mlevi mwingine anayetaka kuacha, au aliyekwisha kuacha. Wawili wanatosha."

Tuliudhika kidogo. Mwalimu amezoea kusimama mbele. Lakini baadaye tulisoma jinsi chama hicho kilivyoanza, tukaona kwamba yule bwana alikuwa ametusimulia historia yao yote kwa maneno matatu.

Mwezi Mei 1935 mtu mmoja wa New York, Bill Wilson, aliyekuwa akifanya biashara ya hisa, alikuwa katika hoteli ya mji wa Akron nchini Marekani. Alikuwa ameacha pombe kwa miezi mitano hivi. Shughuli iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika, fedha zimepungua, hana rafiki mjini, na kutoka upande wa baa alisikia watu wakicheka. Alijua kwamba akivuka mlango ule amekwisha. Hapo hotelini palikuwa na orodha ya makanisa ya mji. Akapiga simu kwa kasisi mmoja, Walter Tunks, wa Kanisa la Episkopali, ambalo ndilo Kanisa la Anglikana huko Marekani, akamwomba atafutiwe mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Kasisi akampa majina ya watu wa kuwapigia. Kutoka jina hadi jina akafika kwa mama mmoja Mkristo, naye akamkutanisha na daktari wa upasuaji, Robert Smith, ambaye pombe ilikuwa ikimharibia kazi na nyumba. Daktari alikubali kukaa naye dakika 15 tu. Walikaa mpaka usiku. Tarehe 10 Juni 1935 inahesabiwa kuwa siku ya mwisho daktari yule kunywa pombe, na chama hicho huihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwake. Daktari alifariki mwaka 1950, naye hakuwa ameirudia.

Mtazameni kasisi wa Akron. Hakuwa na dawa ya ulevi, wala hatusikii kwamba alitoa mahubiri katika simu. Alikuwa na majina. Mtu alimwuliza niende wapi, naye akaweza kujibu. Tungependa kila mchungaji, kila mwinjilisti na kila mama kiongozi katika dayosisi yetu awe na karatasi ndogo ndani ya Biblia yake: jina la tabibu anayeelewa ugonjwa huu, nauli ya kwenda Dodoma, namba ya simu moja au mbili, na jina la mtu aliyekwisha kupita njia hiyo na yuko tayari kuamshwa usiku.

Mkutano wenyewe ni mambo mepesi. Hakuna kiingilio. Sharti ni moja tu, kwamba mtu awe anataka kuacha kunywa; nasi tulipoliona sharti hilo tulikumbuka mara moja swali la Bwana kando ya birika. Watu hukaa, mmoja husema habari zake mwenyewe, hasemi za mwenzake, na wengine husikiliza bila kumsahihisha. Hukiri kwamba nguvu zao zimeshindwa, hujitia mikononi mwa Mungu kila mtu kwa jinsi anavyomfahamu, huyahesabu makosa yao, huyakiri kwa Mungu na kwa mtu mwingine, huwatafuta waliowadhulumu ili kutengeneza, kisha humwendea mlevi mwingine. Wala mtu asidhani kwamba haya ni mageni. Mengi waliyapata kwa Wakristo, mmojawapo akiwa Samuel Shoemaker, kasisi wa kanisa la Calvary huko New York.

Wazee wa Uamsho wakisoma haya nadhani watacheka, na wana haki. Miaka ileile ya 1930 moto uliwaka Gahini huko Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ukafika na huku kwetu. Sisi tulipokuwa watoto tuliketi nyuma ya mabenchi tukiwasikia baba zetu wakisimama mmoja mmoja: huyu aliiba mbuzi, huyu amemchukia ndugu yake miaka kumi, huyu alijificha kilabuni jana. Hakuna aliyemcheka mwenziwe, maana kila mmoja alikuwa na zamu yake. Dawa hii ilikuwa nyumbani mwetu tangu zamani, nasi tumeiacha irukwe na vumbi. Tofauti ni moja. Baba zetu walisema waziwazi ili wote wasikie. Hawa husema chumbani, na likisemwa linaachwa humo. Zamani tulidhani kwamba kufanya hivyo ni kuficha dhambi. Sasa twaona kwamba mtu aliyechubuka ngozi mwili mzima haanikwi juani siku ya kwanza. Siku ya kusimama mbele ya kanisa lote aichague mwenyewe, na asipoichagua kabisa, Mungu amemsikia.

Mlevi wa pili alipatikana kwa msaada wa tabibu yuleyule. Ni mtu mzima, aliacha miaka 11 iliyopita bila kikundi chochote, na alipoelezwa shida yetu alisema tu, "Ningalipata mwenzangu wakati ule, nisingaliteseka hivi." Hatutasema anakotoka. Walianza wawili chini ya mti, kisha halmashauri ya kanisa ikakubali watumie stoo ya zamani nyuma ya kanisa. Leo huwa watano, siku nyingine watatu. Mmoja alianguka wakati wa mavuno, akapotea majuma mawili. Aliporudi walimsogezea benchi, akaanza kuhesabu tena kutoka siku ya kwanza. Tuliosimama nje ndio tuliokasirika, wala si wao.

Mmoja wao ni Mwislamu. Jambo hili lilileta maneno katika halmashauri, na mzee mmoja tunayemheshimu aliuliza kama chumba cha kanisa kimejengwa kwa ajili hiyo. Yalisemwa mengi. Mwishowe kasisi alifungua Yohana 5, akauliza kama kuna mtu anayeona mahali Bwana alipomwuliza mgonjwa yule habari za dini yake kabla ya kumponya. Kikao kikaendelea na ajenda ya bati.

Tuseme na habari ya kikombe, maana iliwahi kutuletea shida. Yuko aliyerudi kanisani kwa furaha baada ya miezi mingi, akaja Mezani pa Bwana, na ile harufu ya divai ikamfuata nyumbani kutwa nzima. Hakuthubutu kusema, akaacha kuja. Ndugu, katika Kanisa letu la Anglikana asiyeweza kupokea kikombe kwa sababu ya afya yake hupokea mkate peke yake, na Ushirika wake ni kamili, haukupungua kitu. Mtu amweleze kasisi mapema, faraghani, na kikombe kikifika ainamishe kichwa kipite. Wanaopiga magoti kando yake wasimtazame. Wakimtazama, basi wao ndio waliokuwa hawajajiandaa kwa Meza.

Wake pia wasisahauliwe. Huko Marekani jamaa za wanywaji walianzisha chama chao wenyewe mwaka 1951, kiitwacho Al-Anon, kwa kuwa waliona kwamba nyumba nzima huugua. Mwanamke aliyezoea kunusa pumzi ya mumewe kila jioni hawezi kuiacha tabia hiyo kwa siku moja, hata mume akiwa mzima. Akina mama wetu wa Umoja wanakutana kila juma. Tunadhani wanajua wafanye nini, nasi hatutawafundisha. Tunawakumbusha tu habari ya mashine ya kusaga.

Katika Yohana 5 liko jambo jingine ambalo hupitwa haraka. Baada ya kupona, mtu yule aliingia katika umati, na Bwana akamkuta tena hekaluni. Hakumwacha aende na godoro lake basi yakaisha. Alionana naye mara ya pili. Yule mwanafunzi wetu wa hesabu, siku tunapoandika, ametimiza miezi minane. Hatujui ya kesho, naye husema hataki kuijua, leo inamtosha. Saa kumi jioni akiona njia ya kilabuni inamwita, hupiga simu kwa mwenzake, na kama salio limekwisha huja kwetu kuazima simu. Humpa simu tukatoka nje.

Jirani yetu wa mwaka 2016 tulimwendea mwezi uliopita. Tulichukua miaka mingi kupata ujasiri huo. Tulimwomba msamaha tukisimama, maana hakutukaribisha kuketi. Alisikiliza, akasema, "Nimesikia, Mwalimu." Kisha akaingia ndani, akarudi na kigoda kimoja, akakiweka. Tuliketi kidogo tukazungumza juu ya mvua na bei ya mpunga. Hakusema kama atakuja, nasi hatukumwuliza.

Siku na saa ya mkutano hatuziandiki hapa, kwa sababu ambazo msomaji amekwisha kuzielewa. Anayetaka amwulize kasisi faraghani, au tabibu wa kituo cha afya, au aje kwetu baada ya jua kutua, mbwa amefungwa. Anayekunywa kila siku apite kwanza kwa tabibu. Paa la stoo linavuja upande wa mashariki na masika hayako mbali, kwa hiyo bati mbili zinahitajika. Pia sukari na majani ya chai, maana watu hawa wakikaa hunywa chai nyingi ajabu. Vitu hivyo viachwe kwa mzee wa kanisa anayetunza funguo, bila kuandika jina la aliyeleta wala kuuliza nani ataitumia.